Gari la Mkwe Halifunguliwi Boneti

Mume wangu Prend amebeba abiria kati ya Lezhë na Tirana, huku kwetu Albania, kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akimwambia mtu "tunafika sasa hivi" wakati hawafiki sasa hivi. Abiria akimwuliza safari itachukua muda gani, anatazama barabara, anatazama malori, kisha anasema, "Saa moja na robo. Wakiwa wanachimba pale Milot, saa moja na nusu." Abiria wengine huteremka wakapanda gari la mwongo wa jirani. Nimegombana naye zaidi kwa jambo hilo kuliko nilivyowahi kugombana naye kwa pombe. Nalisema mapema kwa sababu nina hasira, na hasira yangu isije ikawafanya mdhani niliolewa na mjinga. Prend si mjinga. Ni mpole, na upole una gharama zake.

Miaka kumi na tisa kati ya hiyo aliendesha gari moja tu, Mjerumani mweupe wa dizeli wa mwaka themanini na tisa. Mita yake ilisimama kwenye kilometa laki nane na sitini elfu, na Gjin akasema iachwe hapo hapo, imekwisha fanya kazi yake. Gjin ni mdogo wake Prend, fundi, ana gereji karibu na daraja. Gari lile likiharibika asubuhi, mchana lilikuwa barabarani. Spea zake zilipatikana kila kona, nyingine kwa bei ya chakula cha mchana, na kama hazikupatikana Gjin alizichonga mwenyewe. Lililipa karo ya Pjerin, mwanetu. Lilinunua paa la nyumba na meno yangu ya juu. Hatuna shamba, hatuna duka, hatuna ndugu Ujerumani wa kututumia chochote. Gari ndilo shamba letu, na mtu akitaka kujua kwa nini nachemka mpaka leo, aanzie hapo.

Mwaka jana mambo mawili yalikuja pamoja. Meneja wa hoteli moja pale Shëngjin alimwambia Prend kwamba anataka dereva wa kudumu wa kuwaleta wageni kutoka uwanja wa ndege, majira ya joto na majira ya baridi, lakini si kwa gari lile jeupe. Anataka jeusi, viti vya ngozi, gari ambalo mgeni akiliona anajua hakukosea hoteli. Wakati huo huo Pjerin alikuwa amemchumbia Vitore, binti wa Ndoka, kutoka kijiji kilicho juu ya Rubik, na harusi ilikuwa mwezi wa nane. Sasa mwezi wa nane kwetu ndio mwezi ambao kila aliye Ulaya anarudi nyumbani, na wengi hurudi na gari la kuuza. Na Kola, ami yake Vitore, alirudi kutoka Ujerumani na gari jeusi la kifahari, la miaka kumi na moja, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Akatoa neno kwamba yuko tayari kuliuza, na kwamba mkwe atafikiriwa kwanza.

Tulikwenda kwa Gjin kabla ya kwenda kwa Kola. Alikuwa chini ya gari la padri, miguu tu inaonekana. Prend akamweleza. Gjin akatoka taratibu, akafuta mikono, akachana kipande cha boksi la chujio la mafuta na kuchukua penseli.

"Anataka kiasi gani?"

"Elfu tisa, yuro."

"Likiwa jipya hili liliuzwa elfu themanini," Gjin alisema. "Leo ni elfu tisa. Lakini spea zake hazina habari kwamba gari limeshuka bei, kaka. Spea bado zinajidai kama siku ile ya elfu themanini."

Akaandika. Hana haraka Gjin, na hasemi jambo bila kuliandika. Shokapu za gari lile si za chuma na springi kama za gari letu, zinajazwa hewa, na zikianza kuvuja gari linalala chini kama mbwa. Elfu moja na mia nane zote nne. Giaboksi ya otomatiki, ikiwa haikubadilishwa mafuta kwa wakati, elfu tatu na zaidi. Nozeli za kupulizia dizeli, moja moja mia nne, na ziko sita. Upande wa pili wa boksi akaandika safari za hoteli kwa wiki, akatoa dizeli, matairi, bima.

"Likiwa zima, kwa miaka miwili na nusu limerudisha pesa zake, na baada ya hapo mnakula," alisema. "Likiwa na ugonjwa mmoja tu kati ya haya, miaka minne. Likiwa na mawili, uza sasa hivi kabla hujanunua."

"Sasa ni zima au si zima?" nikauliza.

"Shemeji, mimi si mpiga ramli. Nipeni saa mbili na hilo gari likiwa baridi. Baridi kabisa, halijawashwa tangu jana. Nilisikilize likiwaka, nilitie mashine ya kusoma makosa, ninuse mafuta ya gia, nilipandishe kilima. Nikitoka hapo nitawaambia, na mtanichukia kama kawaida."

Hiyo "kama kawaida" haikuwa mzaha. Nusu ya mji huu humchukua Gjin waende naye kununua gari, na nusu hiyo hiyo hununa akisema ukweli. Wanamnunulia kahawa ili awaambie wanachotaka kusikia. Mmoja alikaa mwaka mzima bila kumsalimia kwa sababu alimwambia gari lake limeunganishwa kutoka magari mawili, na lilikuwa limeunganishwa kutoka magari mawili.

Basi Jumapili tukaenda, sisi watatu. Kola alikuwa anakaa kwa kaka yake Ndoka, baba wa bi harusi. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mzabibu, limeoshwa, na boneti yake ilikuwa ya moto. Gjin aliiwekea kiganja akipita, akanitazama. Kola akacheka, akasema ametoka kulizungusha kidogo ili lisituaibishe.

Tuliingia, tukaketishwa, Vitore akaleta kahawa na kurudi jikoni. Tukaulizana habari za afya, za mahindi, za nani amefariki. Kisha Kola akatoa ufunguo mfukoni, akauweka katikati ya meza, karibu na sahani ya jibini.

"Kwa mtu baki ningetaja bei nyingine," alisema. "Lakini wewe Prend unamchukua mtoto wetu. Ufunguo ndio huo. Hata usiponilipa leo, ondoka nalo."

Mtu asiyekaa kwetu hajui uzito wa ufunguo uliowekwa mezani namna ile. Kumwambia mkwe "ngoja kwanza fundi wangu alipime" ni sawa na kuingia jikoni kwake na kunusa masufuria. Mtoto wao anakuja kulala chini ya paa lako kwa sababu wamekuamini, nawe huwaamini kwa bati na matairi? Prend alikuwa mwekundu masikioni. Gjin hakuwa mwekundu popote. Alitua kikombe, akakohoa.

"Mzee Kola, kwa heshima yako, nikuulize neno moja tu. Giaboksi hii—"

"Gjin," nikasema, "kunywa kahawa yako, inapoa."

Ndiyo, ni mimi. Nilisema kwa sauti ya kucheka, kama anavyosema shemeji kwa shemeji, na kila mtu akacheka, na Gjin akanywa kahawa yake. Boneti haikufunguliwa.

Niseme na jingine, maana nikianza kuungama naungama mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka nilikaa kiti cha nyuma cha gari lile. Ngozi ilikuwa laini, mlango ulifunga bila kelele. Mimi niliolewa mwaka wa tisini na mbili, nikaletwa kwa Prend nyuma ya lori lililokuwa limebeba unga, na shela langu lilikuwa na unga mpaka siku ya tatu. Nilikaa pale nikamwona kwa mawazo mke wa mwanangu akishuka mbele ya lango letu, na majirani wote wako madirishani. Sikufikiria nozeli.

Gari jeupe liliuzwa wiki ile ile kwa kijana wa Fushë-Krujë, elfu mbili na mia nne, na akiba yetu yote ikaongezwa juu yake kufikisha elfu tisa za Kola. Prend alimpa yule kijana ufunguo na maelezo ya nusu saa: jinsi ya kuliwasha wakati wa baridi, mlango gani unahitaji kusukumwa. Kijana alikuwa anatazama simu.

Siku ya harusi, kwa desturi, baba wa bwana harusi hubaki nyumbani, lakini Prend alisema usukani ule hashiki mtu mwingine, na wazee wakanung'unika wakaachia. Gjin akafuata nyuma ya msafara na gari lake la gereji, lile la mizigo, na vifaa vyake vyote ndani. Watu walimcheka.

"Fundi, unakwenda harusini au kazini?" binamu mmoja alimwuliza.

"Nitakwambia tukirudi," Gjin akasema.

Walikwenda kwa barabara kuu. Kurudi hawawezi kupita hapo hapo, maana msafara wa harusi haurudi kwa njia uliyoendea, isije ikawa mtu anayewatakia maharusi mabaya amewavizia. Kwa hiyo wakarudi kwa barabara ya zamani, ile ya mlimani, na watu wanne ndani ya gari, na jua la mwezi wa nane. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu na sinia la peremende na mchele, nawasubiri. Walitakiwa saa tisa. Saa kumi na nusu peremende zilikuwa zimeshikana, na wapiga muziki walikuwa wameanza kula.

Kwanza nikasikia honi, halafu nikaona gari la kwanza kukata kona. Lilikuwa gari la Gjin la mizigo. Likasimama mbele ya lango, mlango wa pembeni ukasukumwa na kukwama, ukapigwa teke kutoka ndani, na mke wa mwanangu akashuka kati ya jeki na mtungi wa gesi ya kuchomelea. Pindo la shela lake lilikuwa na grisi, kiganja kizima. Nilimrushia mchele. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Majirani wote walikuwa madirishani.

Gari jeusi lilikuwa limekataa gia kwenye mwinuko wa tatu, likatoa harufu ya kuungua, kisha upande wa nyuma ukalala chini mpaka silensa ikagusa lami. Msafara wenye bi harusi haugeuki wala hausubiri, kwa hiyo walimhamisha. Prend alibaki na gari peke yake. Alifika kwenye harusi ya mwanawe saa tatu usiku, amekaa mbele kwenye lori la kuvuta magari, na suti yake.

Jumatatu Gjin alilitia mashine. Alituita tuone wenyewe, hakutaka tumsikie tu.

"Kompyuta ya gari ilikuwa imeandika makosa, yakafutwa yote," alisema. "Kilometa arobaini kabla hamjalinunua. Mtu alikwenda gereji, akafuta, akarudi nyumbani. Aliyefuta alijua anafuta nini."

Giaboksi, elfu tatu na mia nne. Shokapu, elfu moja na mia nane. Nozeli mbili zilikuwa zimeanza kuvuja.

"Nikilitengeneza," Gjin alisema, "utakuwa na gari la elfu kumi na tano ambalo ukilipeleka sokoni watakupa elfu tano. Usipolitengeneza, una banda la kuku lenye viti vya ngozi."

"Na hoteli?" nikauliza.

Prend akasema hoteli walimpigia Jumamosi, akiwa pale mlimani, na Jumapili wakamchukua dereva mwingine. Alisema kama anavyosema wanachimba barabara pale Milot. Nilitamani avunje kitu. Gereji nzima imejaa vitu vya kuvunja, yeye akainama akaokota spana ya Gjin iliyoanguka na kuiweka mahali pake.

Siku ya nane bi harusi hurudishwa kwao kusalimia, na sisi tukaenda naye, kwa gari la Gjin. Kola alikuwa anasafiri kesho yake kurudi Ujerumani. Njia nzima Prend aliniambia nisiseme neno, yeye mwenyewe atazungumza na Ndoka pembeni, kiungwana, wakati wake ukifika. Nikamwambia wakati ukifika Kola atakuwa njiani, amefika Austria. Tulikaa meza ile ile. Wanaume wakaanza afya, mahindi, na nani amefariki. Nikawakata kauli.

"Bwana Kola, lile gari. Ulijua?"

Ndoka aliacha kumimina. Kola hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikuwa anasokota sigara, akaisokota mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Gia zilianza kuteleza tangu baridi iliyopita. Fundi wa kule aliniambia niliuze."

"Ukatuuzia sisi. Ukamkalisha mtoto wa kaka yako ndani yake."

"Mama Pjerin, mimi ni mtu wa besa, neno langu ni kiapo. Mtu akiniuliza jambo uso kwa uso, siwezi kumdanganya, na watu wote wa hapa watakwambia. Nilikaa kiti hiki hiki nangoja swali. Mume wako hakuuliza. Fundi wenu alifungua mdomo aulize, na angeuliza ningejibu kama ninavyokujibu sasa." Akawasha sigara. "Ni nani aliyemwambia kahawa inapoa?"

Mimi nina ulimi. Mji mzima unajua. Tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kumwambia mtu, na pale nililikosa. Gjin alikuwa anatazama viatu vyake. Vitore alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, mama mkwe wake anavuliwa nguo mbele yake.

"Nilimwambia mimi," Prend akasema.

Wote tukamtazama.

"Njiani, tukija. Nilimwambia mke wangu asimwache Gjin aulize, nisije nikaaibika kwa wakwe. Alifanya nilichomwagiza. Kosa ni langu."

Hakuwa ameniagiza kitu. Alisema uongo mtupu, mezani, mbele ya watu sita, yule mtu asiyeweza kumdanganya abiria kwa robo saa. Kola akasema basi yamekwisha, tuongee mengine, akainua glasi. Ndoka hakuinua yake. Na yakawa yamekwisha kweli, kwa sababu mtu akishakubali kosa, kuna la kudai tena?

Tuliporudi, kwenye gari la mizigo, nikamnong'oneza Prend, "Kwa nini ulidanganya?"

"Utaishi nyumba moja na Vitore, wewe na yeye, kutwa nzima," alisema. "Mimi nitakuwa barabarani."

"Barabarani na gari gani, Prend?"

Nikatamani ningemeza swali lile. Sasa anaendesha basi dogo la mtu wa Laç, kwa malipo ya siku, na siku asipoitwa hana kazi. Gari jeusi liko uani kwetu, limelala chini. Gjin ametoa betri na redio. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu angalau humfurahisha mtu.

Wiki moja ilipita nikiwa na uongo ule wa Prend shingoni. Asubuhi moja, Vitore na mimi tukiwa tunakanda unga, sikuweza tena.

"Binti yangu," nikamwambia, "kule kwenu baba mkwe wako alidanganya. Hakuniagiza. Ni mimi niliyemnyamazisha Gjin, kwa kichwa changu. Nilitaka gari zuri mbele ya watu."

"Najua, mama," alisema. Aliendelea kukanda unga. "Nilikuwa jikoni siku ile, nilisikia yote. Na gari nalo nilijua. Ami alikuwa anajaza mafuta ya gia kila baada ya siku mbili, mimi ndiye niliyekuwa nasugua madoa chini ya mzabibu."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mikono yangu ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, na nilikuwa nimeshika kijiti cha kusukumia, na sijui ningesema nini kama nisingepumua kwanza.

"Ulijua? Ukatuletea kahawa, ukatutazama, ukanyamaza? Kinywa hukuwa nacho?"

Vitore alifuta mikono kwenye aproni. Hakukasirika, wala hakuinamisha macho kama wanavyotakiwa kufanya bi harusi.

"Mama, ningetoka jikoni, wiki moja kabla ya harusi, nikamwumbua ami yangu mbele yenu kwa ajili ya gari," alisema. "Mngenichukua?"

Nikageukia unga wangu nikaendelea kukanda. Jibu nalijua, na mimi nikisema uongo huonekana usoni.